Gobole la Pua Mbili

Nilimpiga mjukuu wangu Nasra kibao cha mkono, asubuhi ya Jumapili, kwenye kile kiwanja kidogo cha nyasi nyuma ya nyumba zetu hapa Thornton Heath, kwa Waingereza. Kwa miaka tisa ya uhai wake sikuwa nimemgusa hata kwa ukucha. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifungua mdomo, na wenzangu wa umri wangu mnajua mdomo uliofungwa toka utotoni haufunguki kwa kubembelezwa.

Watu walikuwa wamerusha fashifashi jana yake, kama wanavyofanya huku kila Novemba ikiingia. Wenyeji wana sikukuu yao, Wahindi wana ya kwao, mimi huwa sijui ipi imeanza na ipi imekwisha. Asubuhi makasha ya karatasi yalikuwa yametapakaa majanini, yameloa, meusi midomoni. Harufu bado ipo. Ile harufu ya baruti, wenzangu mliokulia porini mnaijua, kama yai viza lililovunjikia kwenye chuma cha moto, haikai puani, hukaa nyuma ya ulimi. Nikasimama nainusa. Nasra akaokota bomba moja la karatasi, refu kama mkono wake, akaliweka mdomoni, akapuliza. Kisha akaniambia kwa Kiingereza chake niweke kidole upande wa pili, nisikie upepo unavyotoka.

Ndipo nilipompiga. Bomba likaenda huko, mtoto akabaki ananitazama, hata kulia hajakumbuka.

Mama yake, binti yangu Rehema, alikuwa ndiyo kwanza ametoka zamu kwenye ile nyumba ya wazee anakofanya kazi. Viatu hajavua.

"Mama, umempiga mtoto?"

"Nimempiga."

"Kafanya nini?"

"Hajafanya kitu."

"Mama, huku watoto hawapigwi. Akisema shuleni tu, mimi naitwa, naulizwa nani anaishi nyumbani kwangu. Miguu inaniwaka, nimesimama toka jana, halafu nakuja kukuta haya?"

Nikamwambia, "Rehema, kaa chini." Akakaa. Nikamweleza jambo ambalo baba yake alikufa hajalisikia, na ambalo sasa naliandika hapa.

Kwetu ni magharibi, upande wa Tabora, ndani kabisa ya miombo. Baba yangu aliitwa Mihambo, alikuwa mrina asali. Mama yangu Nyamizi. Kaka yangu mmoja tu aliyebaki hai, Jilala, wakati huo kidevu kilikuwa kinaanza kuota ndevu, na mimi Kalunde, nina miaka minane. Mbwa wetu aliitwa Watasema. Mbuzi walikuwa watatu, Shida, Neema na Mgeni. Nawataja wote kwa sababu wote walikuwapo.

Baba hakuwa na gobole. Kwa mrina asali hilo ni pungufu kubwa, maana mtu analala porini wiki mbili na mizinga yake, na huko hakuna wa kumwita. Na nyumbani nguruwe walikuwa wakila mahindi yetu kila mwaka, wanapita kama wenye shamba. Baba alikuwa anaazima gobole la mdogo wake, baba mdogo Salumu. Kuazima bunduki ya mdogo wako ni kama kuazima suruali yake, kila mtu anajua si yako. Baba akilirudisha, Salumu atalipokea mbele za watu, atanusa mtutu, kisha atasema, "Kaka, mke wangu umemrudisha na masizi." Watu wacheke. Baba naye atacheka, lakini mimi nilikuwa nalala naye kibanda kimoja, nilijua kicheko chake cha kweli kikoje.

Mwaka ule nyuki walikuwa wakarimu. Baba akasema atanunua lake.

Sasa, kwa watu wa ukoo wa baba, gobole la kwanza la mtu halichaguliwi na mwenye kulitaka. Walisema mwenye kutaka ni kipofu. Ataona shaba, ataona urefu, ataona jinsi atakavyopita nalo barabarani. Anayechagua ni mtoto wa kike, mdogo, asiye na haja na kitu cha namna ile, na ambaye kidole chake hakijaota sugu ya jembe, bado kinasikia. Mwanamume anapuliza kwa mdomo wake mwenyewe kwenye mtutu, na mtoto anaweka kidole kwenye tundu la nyuma, pale panapokaa fataki, kile kikofia kidogo cha shaba kinachogongwa kikatoa cheche. Pumzi ikipita, njia ya moto i wazi. Isipopita, gobole limeziba, litakusaliti nguruwe akiwa mbele yako. Hayo nayajua sasa. Siku ile sikuelezwa hivyo.

Tulitoka nyumbani jua halijakausha umande, baba mbele na debe la asali kichwani, Jilala nyuma na debe la pili, mimi katikati sina kitu, maana baba alisema kidole changu kisichoke.

"Baba, nitajuaje zuri?"

"Litapumua."

"Gobole linapumua?"

"Gobole ni mnyama, mama. Lisilopumua limekufa, na sisi hatuendi kununua mzoga. Wewe kazi yako hiyo tu. Lile linalopumua vizuri kuliko mengine, nionyeshe."

Jilala akasema huko nyuma, "Ulifunue na meno, Kalunde, uone kama si zee."

Baba akamwambia anyamaze asimharibie mtu kazi. Mimi nilikuwa nimebeba neno lile kama kikombe kilichojaa. Gobole ni mnyama. Njia nzima nilikuwa nawawaza wanyama ninaowajua na namna wanavyopumua.

Fundi alikuwa Mzee Kapalata. Mfupi, mweusi wa moshi, nyusi zote mbili ziliungua zamani hazikuota tena, basi ukimtazama huoni kama kakasirika au kafurahi. Mivukuto yake ilikuwa imepumzika. Akapokea asali, akachovya kidole, akalamba, akasema, "Nyuki wa Mihambo hawajui uongo." Kisha akaegemeza magobole matatu ukutani mwa kibanda.

La kwanza mtutu wake ulikuwa bomba la maji, nene, baya, kitako kimechongwa kwa haraka. La pili lilikuwa la zamani, refu kumzidi Jilala, limekula kutu. La tatu, wenzangu, lilikuwa zuri. Kitako cha mninga kimesuguliwa nta mpaka kinang'aa, na katikati mtutu ulivikwa ngozi ya kenge, yenye madoa yake, imeshonwa ikiwa mbichi ikakaukia pale pale, imebana kama ngozi ya mwili. Baba hakulitazama. Alitazama mlangoni, akatazama paa, akawatazama kuku wa Mzee Kapalata. Nikajua analitaka.

Akashika lile la bomba, akapuliza. Kidole changu kikapata pumzi, moja, imenyooka. Nikalihurumia. Mbuzi wetu Shida alipokuwa na mafua alikuwa anapumua hivyo, pua moja imeziba. Nikasema moyoni, hili linaumwa.

La pili halikutoa kitu. Mzoga.

La tatu lilikuwa zito. Nilikaa chini, nikaweka kidole cha mkono wa kulia kwenye tundu, na mkono wa kushoto nikaupitisha chini ya mtutu kulikumbatia lisinianguke. Kiganja kilishika ngozi ya kenge, kifundo cha mkono kikawa pale ngozi inapoishia. Baba akapuliza. Pumzi ikaja kidoleni. Na pumzi nyingine, nyembamba, ya baridi, ikaja kwenye kifundo changu, kama mtu anayekunong'oneza ili mwingine asisikie.

Nikatabasamu. Mbuzi ana pua mbili. Mbwa ana pua mbili. Mtu ana pua mbili. Nikasema, hili ndilo zima.

"Linapumua?" baba akauliza.

"Linapumua, baba. Kuliko yote."

"Una hakika?"

"Haki ya Mungu."

Jilala akasema, "Baba, mimi naona lile la bomba. Nene lile, halina maneno."

"Anayechagua hapa ni nani?"

"Kalunde."

"Basi."

Mzee Kapalata alinitazama kitambo kidogo. Akasema, "Bibi mdogo ana kidole chema." Yale macho yasiyo na nyusi nimeyageuza miaka yote hii, naangalia kama yalijua kilichokuwa chini ya ile ngozi. Sijui. Siwezi kumsingizia marehemu, maana kama ni kusingizia, ukoo wetu ulishatosha.

Wakalijaribu kama desturi. Wakalifunga kwenye panda ya mti, nusu kipimo cha baruti, kamba ndefu, sote tumelala chini nyuma ya kichuguu. Likalia. Mara ya pili likalia. Mara ya tatu likalia, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu nikasikia kile kicheko cha baba cha kibandani. Akalipa jina njiani tunarudi. Akaliita Sijaazima.

Miezi ile nilikuwa mtu mkubwa. Baba aliwinda kanga tu, nusu kipimo. Kipimo chenyewe kilikuwa pembe ya funo, ile ndogo, ukiijaza baruti mpaka nusu ni ya ndege, ukiijaza yote ni ya nguruwe. Kila kanga aliyeletwa, baba alisema, "Mwenye gobole apewe paja," na paja nikapewa mimi. Salumu alikuja siku moja kulitazama. Akalizungusha, akasema, "Kaka, mtoto wa kike kakuchagulia bunduki? Kesho akuchagulie na mke."

Baba akamjibu, "Wewe lako ulichagua mwenyewe, ndiyo maana linakohoa."

Mama alicheka mpaka akaweka mwiko chini. Ile ndiyo mara ya mwisho naikumbuka nyumba yetu ikicheka yote.

Mahindi yakakomaa, nguruwe wakaja. Asubuhi moja Watasema alirudi na tumbo limechanwa, mama akamshona kwa uzi wa gunia. Baba akasema leo ndiyo leo, na akamwambia Jilala alishindilie gobole, pembe nzima. Nilikuwa uani, nimekaa kwenye kinu kilicholazwa, nakula kiporo cha viazi. Nilimwona kaka. Alijaza pembe, akasawazisha juu kwa kidole gumba, akamimina. Akaweka kitambaa. Akashindilia kwa ufito. Akaweka risasi, akaweka kitambaa kingine. Pembe aliirudisha kwenye mkoba na mkoba akaufunga. Ilikuwa pembe moja. Kama mnavyoniona nina uzee huu, naweza kuwaambia alikuwa amevaa kaptula gani.

Haikupita muda nikasikia mlio. Haukuwa ule niliouzoea. Ulikuwa mkavu, kama mti uliovunjika.

Baba alirudi kwa miguu yake. Mkono wa kushoto, ule unaoshika mtutu kwa chini, alikuwa ameukumbatia kifuani kama mtoto mchanga, na mwanzoni nilidhani kweli kabeba kitu. Jilala alikuwa pembeni yake. Mama akatandika khanga chini. Sitaeleza mkono ulikuwaje. Zahanati ilikuwa mwendo wa siku nzima, wakambeba kitandani, watu wanne wakipokezana, wakamfunga huko wakamrudisha.

Siku ya pili ya kurudi alikuwa anazungumza vizuri. Akamwita kaka.

"Jilala, ulipima pembe ngapi?"

"Moja, baba."

"Moja?"

"Moja, baba yangu."

"Basi ni Mungu," akasema baba.

Baba mdogo Salumu alikuwa amesimama mlangoni. Akasema, "Mungu hapasui chuma, kaka. Wala pembe moja haipasui chuma."

Hilo neno lilitoka pale mlangoni likaenda kijiji kizima kabla ya jua kuzama. Siku ya tisa pepopunda ilimkaza baba taya, hakusema tena, na alfajiri ya siku ya kumi na moja tukawa tumefiwa.

Baada ya maziko wanaume walikaa barazani. Gobole lililetwa likalazwa chini katikati yao. Ngozi ya kenge ilikuwa imepasuka, na chini yake chuma kimefunguka. Mimi nilijipenyeza kati ya miguu ya watu. Nikaona kingo za ule ufa. Upande mmoja ulikuwa unang'aa, mpya, kama kisu kilichonolewa. Upande mwingine ulikuwa mweusi, una kutu ya siku nyingi. Mtu mzima angeutazama ule weusi kwa makini angeuliza, huu ulianza lini? Hakuna aliyeutazama, walishapata mtu wao. Salumu aliligeuza kwa mguu tu. Nami nikachuchumaa, nikapitisha mkono wangu wa kushoto chini ya mtutu kama siku ile, na kifundo kikaja pale pale.

Shangazi Mwajuma akanivuta sikio. "Toka hapo! Kitu cha damu hicho, unakishika?"

Nilielewa, wenzangu. Sikuelewa kama mkubwa, lakini nilielewa kwamba ile pumzi ya pili haikuwa pua, na kwamba aliyeapa Haki ya Mungu ni mimi. Nikaelewa na jingine, ambalo ndilo baya zaidi. Kama si pembe mbili, basi ni gobole. Na kama ni gobole, ni aliyelichagua.

Jilala waliamua aliweka mbili. Walisema tamaa ya nyama, walisema utoto, walisema alitaka kumwonyesha nguruwe ubabe. Hakupigwa. Ingekuwa afadhali apigwe. Watu waliacha kumpa mkono wakimsalimu. Wazazi wa Kasuka, binti tuliyeanza kumposea kaka, walinyamaza moja kwa moja. Na mama yangu, Nyamizi, akaacha kula chakula kilichopita mikononi mwa kaka. Jilala akileta maji, mama anayapokea, anayaweka chini, kisha anakwenda kuchota mwenyewe. Nimeyaona hayo miezi minne.

Kisha lori la manamba likapita, la kuchukua watu kwenda mashamba ya mkonge huko Tanga. Jilala akajiandikisha. Asubuhi ya kuondoka alinikuta nyuma ya nyumba nikimwaga majivu. Alikuwa na kifurushi kidogo, hata mtoto angekibeba.

"Kalunde. Siku ile wewe ulikuwa uani."

Nikaendelea kumwaga majivu.

"Ulikuwa kwenye kinu. Uliniona nikimimina. Nilimimina mara ngapi?"

"Sijui, kaka."

"Hujui au hukumbuki?"

"Sijui."

Alinitazama. Hakukasirika, Jilala hakuwa mtu wa hasira. Alisema, "Haya, mdogo wangu. Siku ukikumbuka, mwambie mama." Akaenda kupanda lori.

Sikumwambia mama. Mwanzoni niliogopa ataacha kula na chakula changu. Baadaye niliogopa ataniuliza kwa nini nilichelewa. Alikufa mimi nikiwa na watoto wawili, na jina la Jilala hakuwa akilitaja, alisema tu "yule wa Tanga". Kaka hakuja kumzika. Barua ilimfikia baada ya arobaini, ndivyo alivyosema. Miaka ikapita, mume wangu akafa, Rehema akaja huku akanivuta, nikajikuta nimezeekea ghorofani, nachungulia basi dirishani. Kaka tulisalimiana kwa simu Idi na Idi. Habari ya afya, habari ya watoto, habari ya mvua. Basi.

Nilipofika hapo Rehema alikuwa bado na viatu. Nasra kasimama mlangoni, anasikiliza, maana Kiswahili anakielewa chote hata kama hajibu kwacho.

"Mama," Rehema akasema, "ulikuwa na miaka minane."

"Minane, ndiyo. Kisha nikawa na tisa. Kisha ishirini, kisha arobaini. Miaka yote hiyo nilikuwa nalo jambo hili."

Akasema, "Mjomba yu hai. Kifua kinamsumbua, lakini yu hai. Mpigie leo, usingoje."

Jilala alimpa mwanawe mkubwa jina la baba yetu, Mihambo. Ndiye anayemuuguza, Muheza. Rehema akapiga simu ya picha, akaiegemeza kwenye kopo la sukari mezani. Mihambo akatokea, akanisalimia shikamoo shangazi, akampelekea baba yake. Kaka alikuwa amelala ubavu, mito mitatu, pua imechongoka. Aliponiona alicheka.

"Kalunde! Umenenepa kama Mzungu."

"Na wewe umekonda kama ufito. Kaka, nina neno."

"Sema, nipo."

Nikalisema. Nilishaliogopa miaka zaidi ya sitini, na kulisema kulichukua muda mfupi kuliko kuchemsha chai. Nikamwambia kidole, nikamwambia kifundo, nikamwambia ufa mweusi. Nikamwambia, "Kaka, uliweka pembe moja. Nilikuona. Ulisawazisha kwa kidole gumba, ukamimina, ukafunga mkoba. Moja. Uliponiuliza nilikudanganya."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akakohoa, Mihambo akamwinua, akamlaza tena. Kisha akaniambia kwa upole, ule upole wa kumfariji mtoto:

"Acha kunibebea, mdogo wangu."

"Sikubebei. Ndivyo ilivyokuwa."

"Niliweka mbili, Kalunde."

"Kaka, hukuweka!"

"Niliweka. Nakumbuka mimi. Niliweka moja, nikamkumbuka Watasema na tumbo lake, moyo ukaniuma, nikarudi mkobani nikaongeza. Naiona mpaka leo pembe inavyoingia mara ya pili." Akauinua mkono wake wa kulia mbele ya simu, akanionyesha namna alivyomimina, mara moja, mara mbili. "Wanangu wote nimewaambia. Nimewaambia babu yenu nilimuua mimi, kwa haraka zangu, nanyi bunduki msishike. Na hawajashika."

"Baba alipokuuliza ulisema moja."

"Niliogopa. Nilimdanganya mtu anayekufa. Hilo ndilo linaloniuma kuliko pembe."

Nikalia. Nikamwapia kwa Mungu, na yeye akatikisa kichwa, maana mimi ndiye niliyeapa pia siku ile kwa Mzee Kapalata, ingawa sidhani alikuwa anawaza hilo. Alisema tu, "Una moyo mzuri. Toka zamani." Mihambo akaichukua simu. Akasema, "Shangazi, tusimchoshe. Tumekusikia. Mapenzi ya ndugu ni kitu kikubwa." Akasema hivyo kwa heshima kabisa, na nikaona usoni mwake kwamba hakuamini hata neno moja.

Rehema alinishika bega. Akasema, "Angalau umemwambia, Mama." Mimi nilikuwa naiona mikono ile ya kaka, imemimina mara mbili. Sisi tulimpa ile pembe ya pili. Salumu alimpa mlangoni, mama alimpa kwa kutokula, nami nilimpa kwenye majivu, na yeye kwa kuwa alikuwa mtu mwema aliipokea, akaitafutia mahali, mpaka ikawa na sababu yake na mbwa wake.

Jilala alifariki Alhamisi ya wiki iliyofuata. Mihambo alipiga Ijumaa, baada ya maziko, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mkeka. Akafungua sauti ili nisikie hitima, na mimi nikafunga ushungi, nikakaa jikoni na simu mezani mbele yangu, Rehema upande mmoja, Nasra upande wa pili. Wakasoma mpaka mwisho. Kisha nikasikia sauti ya mzee mmoja nisiyemjua inaomba dua. Akamwombea marehemu kaburi pana. Akawaombea wanawe subira. Akasema, na Mwenyezi Mungu amsamehe mja wake Jilala damu ya baba yake mzazi, aliyoimwaga bila kukusudia.

Mihambo akasogeza mdomo kwenye simu. "Shangazi, wewe ndiye peke yako uliyebaki wa nyumba ile. Wanangoja uitikie."

Ningeweza kusema hapana. Lakini watu walikuwa wameinua mikono, Muheza kuna jua kali saa ile, na marehemu mwenyewe ndiye aliyewatuma waombe hivyo. Rehema alinitazama, akatikisa kichwa polepole, kunikataza.

Nikaitikia. Nilisema amina.